Maji ya djabia

Juzi nilikuwa nimeizamisha mashine ya boti kwenye pipa la maji ya mvua kuiosha, mwanangu akaniuliza: "Baba, mbona boti unaipa maji tuliyokatazwa kuchezea?" Nikamwambia ni kwa sababu ya chumvi. Akaridhika, akakimbilia mpira wake. Mimi mawazo yakanirudisha Kizingitini, kisiwani Pate, mwaka 2011.

Ule ulikuwa mwaka wa ukame. Djabia letu, yaani birika la kuhifadhi maji ya mvua, lilikuwa limepungua hadi ukiteka, ndoo inakwaruza sakafu. Maji ya visima yalikuwa ya chumvichumvi, ya kuogea tu. Ya mvua bibi aliyagawa kwa kopo, ya kunywa na ya uji wa wadogo, basi.

Jioni moja babangu alirudi kutoka Lamu na abiria, amepita mlango wa bahari wa Mkanda maji yakianza kutoka. Tukaipandisha mashine, hospawa 40, tukaifunga kwenye ubao juu ya pipa. Kisha akaenda djabiani. Ndoo baada ya ndoo akamimina, mpaka maji yakafunika matundu ambayo mashine hunywea. Hapo hakuna kukisia: ikivuta hewa, ile impela, feni ya mpira inayovuta maji ya kupooza mashine, huungua upesi mno.

Akavuta kamba. Moshi wa petroli na oili ukajaa ua mzima, na pembeni mwa mashine ukachuruzika mfereji mwembamba wa maji, ukirudi pipani. Babangu akaukinga kwa kiganja, akaonja, akatema. "Bado." Akaiacha ingurume. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, kopo mkononi. Babangu akamwaga yale ya pipa, akajaza mengine, akaonja tena.

"Mwanangu," bibi akasema, "hayo ni maji ya watoto."

"Niwie radhi, mama. Mashine hii ikifa, maji yenyewe tutayafuata na nini?"

Bibi hakujibu. Wala hakuondoka. Babangu alipoona maji yanatoka matamu, akachomoa mpira wa petroli, mashine ikamaliza mafuta ya kabureta na kuzimika yenyewe. Akaichukua brashi ya waya akasugua zinki, kile kipande cha madini kilichofungwa kwenye mashine, hadi unga mweupe ukatoka. Zinki hiyo ndiyo huliwa na bahari badala ya alumini, ndiyo maana hakuruhusu mtu aipake rangi.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Ikikaukia ndani, huganda kwenye njia za kupoozea, mashine ikachemka. Jirani yetu mmoja aliacha kuosha mashine yake msimu ule, akiwahurumia wanawe, na sikumlaumu. Mashine yake ilikufa kabla mvua hazijanyesha, na wagonjwa wa upande ule wakawa wanasubiri boti ya babangu.

Bibi na babangu hawakulizungumza tena jambo hilo mbele yetu. Nimelipima mara nyingi, na kila nikidhani babangu alikuwa na haki, namwona mdogo wangu akilamba kopo tupu. Sasa nina tangi la mvua la mashine peke yake, nimelifunga kufuli. Ukame kama ule ukirudi, na jirani akaja na dumu kuomba maji, sijui kama nitaweza kumnyima.