Usiku Tuliohamisha Hema Mbaka

Mwezi wa Agosti 2012 nilipewa kazi ambayo niliiomba mwenyewe. Vijana 24 wa skauti kutoka Dar es Salaam walikuwa waje Mbeya katika likizo fupi ya Septemba, na walitaka kulala usiku mmoja karibu na chemchemi ya maji moto na usiku mwingine kando ya msitu wa mlimani. Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia mwenye miaka miwili kazini, nimezaliwa na kukulia Mbeya, kwa hiyo nikasema nitatangulia, nitachagua maeneo, na kila eneo nitakalolichagua nitalala hapo kwanza kabla ya kumpeleka mtoto wa mtu. Nilifuatana na kiongozi wa vijana wale, kijana wa miaka 19 aliyekuja mapema kwa basi, na baba yangu mdogo, ambaye alitupa Land Rover yake ya zamani kwa sharti kwamba aiendeshe yeye. Baba mdogo alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, na ujana wake aliutumia Kivu, mashariki mwa Kongo, akisafirisha mizigo kati ya Goma na Bukavu. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu bila Goma ile nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Siku ya kwanza tulikwenda Songwe, magharibi ya jiji, ambako maji hutoka na joto la nyuzi karibu 80 na kuacha mwamba mweupe kila yanapopita. Pale ni pazuri kwa kutazama, lakini vigingi vya hema havikuingia ardhini, kivuli hakikuwepo, na nilipofikiria watoto 24 wakizunguka gizani kando ya maji ya kubabua ngozi, nilifunga daftari langu. Hatukukaa hata saa mbili.

Kesho yake tukashika barabara ya kusini. Ukitoka Uyole unapanda milima ya Poroto, unapita Isongole kwenye baridi na ukungu, kisha unateremka Kiwira hadi Tukuyu, na kuanzia hapo kila kitu ni kijani: migomba, chai, parachichi, na tena migomba. Mvua ya Rungwe ni nyingi kuliko karibu kila sehemu ya Tanzania, ndiyo maana tulichagua Agosti na Septemba, wakati ardhi inapopata nafasi ya kukauka kidogo. Chini ya kijani hicho kuna volkeno. Mlima Rungwe umelala muda mrefu, lakini jirani yake, Kiejo, ulimwaga lava yapata mwaka 1800, na wazee wa Kinyakyusa walirithishana habari hiyo kwa mdomo hadi wanasayansi walipoiandika. Kusini-mashariki ya Kiejo kuna mpasuko mrefu wa ardhi unaofuatana na Mto Mbaka, na katika mpasuko huo maji moto huchomoza mahali pengi, mengine kwenye mchanga wa ukingoni na mengine katikati ya mashamba ya watu. Huko ndiko nilikokuwa nimekusudia.

Tulifika alasiri. Baba mdogo alituacha na mizigo, akaenda kumtafuta mwenyekiti wa kitongoji ili kuomba ruhusa, maana yeye haamini kulala kwenye ardhi ya watu bila hodi. Mimi na yule kijana tukaanza kutembea, na baada ya nusu saa nikapaona mahali ambapo moyo wangu uliridhika papo hapo. Palikuwa na kibonde kidogo, mfano wa bakuli, chenye sakafu tambarare ya majani mafupi, kimezungukwa na kingo za udongo zilizozuia upepo. Hatua kumi na tano kutoka ukingoni kulikuwa na kidimbwi cha maji ya uvuguvugu kilichotoa mapovu bila kukoma, kama sufuria iliyoanza kuchemka, ingawa ukitia mkono maji yake hayakuunguza. Chemchemi yenyewe ya moto, ambayo maji yake huzidi nyuzi 50, ilikuwa mbele zaidi, mbali ya kutosha ili mtoto asiiangukie. Nilipima kwa hatua nikaona hema sita zingeenea. Niliandika daftarini: tambarare, pakavu, hakuna upepo, maji karibu. Kisha tukapiga hema yetu katikati.

Mambo mengine niliyaona pia, na sikuyaandika. Kwenye kona moja ya kibonde majani yalikuwa ya kahawia, yamelala chini kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Nilipokuwa nikipigilia kigingi niliona panzi wawili waliokufa, wamekauka wakiwa wamekunja miguu, na hatua chache mbele ndege mdogo, manyoya yake mazima, hana jeraha lolote. Kijana alikiokota kile kindege akaniuliza kilikufa kwa nini, nikamjibu kwamba huenda ni baridi. Hapakuwa na baridi. Tena, mvulana mchungaji alipita na ng'ombe watano wenye njaa, na badala ya kukatisha kwenye majani yale mabichi aliwazungusha juu ya ukingo, akitutazama muda mrefu. Nilimpungia mkono.

Jua lilipokwisha kuzama, upepo uliokuwa ukivuma mchana kutwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa ulikatika. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mlango wa hema nikitandika mkeka, nikahisi kichwa kinanigonga na pumzi inakuwa fupi, nikadhani ni uchovu wa safari. Ndipo niliposikia sauti ya baba mdogo kutoka juu ya ukingo, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ikiniita kwa jina na kuniamuru nisimame.

"Simama, mwanangu. Simameni wote wawili, mpande huku. Acheni kila kitu."

Tulipanda. Alikuwa amefuatana na bibi mmoja mwenye shamba la migomba juu ya kilima, ambaye mwenyekiti alimtuma atuonyeshe mahali pa kulala. Nilimwamkia kwa Kinyakyusa, "Mugonile," naye aliitikia haraka kisha akahamia Kiswahili ili baba mdogo asikie vizuri. "Hapo sisi hatulazi hata mbuzi," alisema. "Mchana unaweza kupita. Usiku hapana, na alfajiri ndiyo mbaya kabisa."

Baba mdogo akaongeza neno moja tu: "Mazuku."

Nilikuwa sijawahi kulisikia. Goma na Sake, alituambia, kila mtu analijua. Ni mabonde na mashimo katika ardhi ya volkeno ambamo hewa mbaya hutulia, na aliyeketi humo kupumzika huweza asiinuke tena. Aliwahi kumwona mbwa akiteremka kwenye shimo la namna hiyo kando ya barabara ya Sake, akalegea miguu ya mbele, akalala. Mwenye mbwa alitaka kumfuata, wakamshika kwa nguvu.

Sijui kama ningeamini kwa maneno peke yake. Nilikuwa na shahada, na nilikuwa nimechoka. Baba mdogo alikata ufito wa mianzi kama mita mbili, akafunga kipande cha mshumaa kwenye ncha yake kwa waya, akakiwasha. Alisimama ukingoni na kuuteremsha ufito polepole kuelekea hema yetu. Mwali ulikuwa mnyoofu kwa sababu hewa ilikuwa imetulia kabisa. Ulipofika kama usawa wa kiuno cha mtu ukapungua na kugeuka mwembamba. Ulipofika usawa wa goti, ukazimika. Haukupeperuka wala kutoa cheche. Moshi wake mweupe haukupanda. Ulienea pembeni, ukalala kama shuka juu ya kitu tusichokiona. Akauwasha tena, akateremsha, ukazimika palepale. Mara ya tatu yule kijana alimshika baba mdogo mkono akasema basi inatosha.

Nilijua kitu kile kwa jina lake la darasani. Ni hewa ya ukaa, ile ile inayotoa mapovu kwenye soda, na Rungwe ina nyingi chini ya ardhi kiasi kwamba karibu na Kiejo huvunwa na kutiwa kwenye mitungi kwa matumizi ya viwandani. Haina rangi wala harufu, na uzito wake ni takriban mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, kwa hiyo hutiririka mabondeni kama maji na kujaa humo. Mchana jua na upepo huitawanya. Usiku wa utulivu hujikusanya, na anayelala chini ndiye anayezama. Tarehe 21 Agosti 1986 hewa hiyohiyo ilitoka kwa wingi katika Ziwa Nyos huko Kamerun ikaua watu zaidi ya 1,700. Nilikuwa nimeyafundisha hayo mwaka huohuo wa 2012, nikachora ziwa ubaoni na mishale ikishuka mabondeni, na wanafunzi wangu wakajibu vizuri kwenye mtihani. Mapovu ya kidimbwi, majani ya kahawia, panzi, ndege, ng'ombe waliozungushwa: yote yalikuwa mbele ya macho yangu alasiri ile, na kila nilichokiona nilikipa sababu nyingine kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kupapenda mahali pale. Hilo liliniuma kuliko hofu, na bado huniuma.

Hema tuliivuta kwa kamba tukiwa juu, kigingi kimoja kikikatika na turubai likichanika, na hakuna aliyekubali kushuka kufuata sufuria. Bibi alituongoza hadi mgongo wa kilima nyuma ya migomba yake, mahali penye mteremko kidogo na upepo, ambapo mimi mchana nilipapita bila kupatazama mara mbili. Tulilala tukiwa tumeelekeza vichwa juu na miguu chini, na usiku kucha upepo ulipiga hema. Niliuona upepo ule kuwa neema. Alfajiri nilikwenda na ufito wangu ukingoni. Mshumaa ulizimika juu zaidi kuliko jana, kifuani.

Tangu hapo nimekuwa na taratibu ambazo sizivunji. Karibu na maji moto nalala mahali palipoinuka kuliko chanzo, kamwe si upande wa chini yake, na mahali penye upepo hata kama hema itapiga kelele. Nyasi nzuri ambazo mifugo haizili huniuliza swali, nami sitandiki mkeka kabla ya kulijibu. Mshumaa hubebwa, lakini siuamini peke yake, kwa kuwa hewa hiyo huanza kumdhuru mtu kabla haijafikia kiasi cha kuzima moto. Ukizimika umekupa jibu, ukiendelea kuwaka hujapata ruhusa. Na kabla ya yote hayo namtafuta mwenyeji anayelima au kuchunga hapo, nikamuuliza yeye mwenyewe analala wapi na mbuzi wake wanalala wapi.

Usiku uliofuata tuliulala kwenye baridi ya Mlima Rungwe, kandokando ya msitu ambao tangu 2009 ni hifadhi ya mazingira asilia. Askari wa misitu aliyetusindikiza nilimuuliza maswali mengi hata akacheka, nami sikujali. Alituondoa chini ya mti mkubwa wenye matawi makavu, akatuonyesha njia ya siafu iliyokuwa imekanyagwa laini kama uzi kwenye majani, akatukataza ukingo wa kijito kwa sababu mvua ya kileleni hufika chini kabla hujaisikia. Tulibaki na uwazi mdogo kati ya mianzi na shamba la viazi, mahali pasipo na sura ya kupigia picha. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umeshika matawi yenye ndevu za kijivu, tulisikia juu mlimani mlio mzito, nusu kubweka na nusu honi ya gari. Askari aliinua kidole. Kipunji, alisema. Ni tumbili wa mlima ule, ambaye sayansi haikumjua hadi mwaka 2003, ingawa wawindaji wa Rungwe walikuwa na jina lake siku zote. Hatukumwona.

Septemba vijana 24 walifika Mbaka kwa basi dogo, na hema saba zilisimama kwenye mgongo wa kilima cha bibi, zimepangwa kwa mstari mmoja. Walilalamika kwamba maji yako mbali na ardhi imeinama, nami niliwapeleka saa kumi na mbili na nusu jioni hadi juu ya ukingo wa kibonde, tumeshikana mikono, yule kijana kiongozi akiwa na ufito wa mianzi. Alipouteremsha, walinyamaza. Binti mdogo kuliko wote aliomba uwashwe tena, na ulipozimika usawa wa magoti aliyatazama magoti yake, kisha akarudi nyuma hatua mbili bila kuambiwa.

Alfajiri niliamka nikakuta bibi amekwisha kufika, khanga imefunikwa begani kwa umande, amebeba chungu cha mbalaga, ndizi za kupikwa, kilichofungwa kwa jani la mgomba. Alikuwa akipita hema moja baada ya nyingine akihesabu viatu vilivyoachwa milangoni, jozi kwa jozi, kwa sauti ndogo ya Kinyakyusa. Alipofika mwisho wa mstari alianza upya, kuhakikisha. Nilimwambia, "Ndaga fijo, bibi," naye akanipa ishara ninyamaze, maana alikuwa hajamaliza kuhesabu.