Siku moja na krankshafti iliyogeuka bluu

Saa 12 na nusu asubuhi nipo Gerezani hapa Dar, dogo anafagia vumbi la chuma, mi nakagua maji ya mashine ya kusagia chuma maana yakipungua leo hakuna kazi.

Saa 2 kaja dereva wa lori na krankshafti, ule mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni, kwenye bajaji. Shikamoo mzee. Marahaba fundi, injini ilianza kugonga. Kumbe taa ya oili iliwaka maeneo ya Chalinze akasema ngoja nifike kwanza mjini, sasa beringi ya konrodi (mkono wa pistoni) namba 3 imeyeyuka na kujipaka kwenye shingo ya krankshafti, yaani ile sehemu ya duara inayozunguka ndani ya beringi, na ile shingo imekuwa zambarau pembeni, katikati bluu kabisa. Hiyo rangi mimi naisoma kama kipimajoto: chuma safi kikishika manjano hafifu kimefika kama nyuzi 220, zambarau kama 280, bluu karibu 300.

Mzee akaniuliza swali zuri sana, mbona geji ya joto ilikuwa kawaida njia nzima? Nikamwambia geji inapima maji mzee, lile joto linazaliwa kwenye ngozi ya chuma tu. Sehemu mbili zinazong'aa, ukizikuza zina vilima vidogo vidogo, na oili ikikatika zinagusana kwenye vile vilele peke yake, mzigo wote pale, msuguano wote pale, kwahiyo kilele kinaungua kwa muda mfupi mno wakati chuma kizima bado vuguvugu. Mwaka 1936 kule Cambridge Bowden na Ridler walilipima kwa akili sana, walisugua metali mbili tofauti na zenyewe zikawa kipimajoto, maana zikipata moto zinapogusana zinatoa umeme kidogo. Wakaona joto linapanda mpaka metali laini inapoyeyuka, halafu halizidi hapo. Tabaka la juu la beringi nyingi lina bati na risasi, na bati inayeyuka kwenye 232, risasi 327, basi hesabu ya ile bluu ikakaa sawa.

Saa 4 tumeangalia nyufa kwa sumaku na unga wa chuma, haina, alhamdulillah. Nikaanza kusaga. Hapa ndo nakuwa mkali kwa dogo, kwasababu jiwe nalo ni msuguano, ukilisukuma kwa pupa unaunguza shingo upya na ufa unatokea mikononi mwako, so nalisogeza kidogo kidogo sana, maji yanamwagika muda wote. Saizi ya kupunguza milimita 0.25 haikuondoa makovu, tukaenda 0.50.

Saa 8 wali maharage. Nikamsimulia dogo habari ya mwanasayansi Rumford kule Munich, aliyetoboa mzinga ndani ya maji kwa keekee butu, baada ya kama masaa mawili na nusu maji yakachemka bila moto wowote, akaandika mwaka 1798. Dogo aliacha kula.

Saa 9 alitaka kupima palepale, nikamzuia. Shingo ya milimita 60 ikizidi joto nyuzi 30 inanenepa kama milimita 0.02, maikromita, kile kifaa cha kupimia unene, itakudanganya. Tukasubiri.

Saa 11 vipimo vimekaa, matundu ya oili nimeyapuliza mara tatu kwa upepo, nikaipaka oili nikaifunga gunia. Mzee kaipakia kwenye bajaji, ananiuliza sensa ya ile taa inauzwa duka gani.