Mbebaji Akabebwa: Nilivyopiga Filamu Fupi ya Mtu Kuchukuliwa na Viumbe wa Anga Kihambani Uru

Filamu ni ya dakika saba na ina mwigizaji mmoja. Mwanamume wa makamo anatoka shambani usiku na mkungu wa ndizi begani, mwanga unamkuta njiani, anachukuliwa, kisha anarudishwa. Viumbe wenyewe hawaonekani hata mara moja. Tulipiga siku mbili za usiku kwenye kihamba kimoja, yaani shamba la migomba na kahawa la nyumbani kwa Wachaga, huko Uru, juu ya mji wa Moshi, na siku moja ndani ya gereji mjini. Naeleza zaidi pale palipokwama, maana maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wenye studio, na migomba haina adabu za studio.

Kabla ya taa nilishughulika na mwili. Visa mashuhuri vya watu waliodai kuchukuliwa vina wanaume wa kazi ndani yake. Antonio Villas Boas wa Brazili, mwaka 1957, alikuwa mkulima aliyekuwa akilima usiku kwa trekta. Travis Walton wa Arizona, Novemba 1975, alikuwa mkata miti. Alipotea siku tano. Barney Hill alikuwa mfanyakazi wa posta, Mmarekani mweusi, akirudi safarini na mkewe Betty usiku wa Septemba 1961 huko New Hampshire. Katika kisa cha Barney kuna jambo dogo lililonifaa kuliko yote: alisema baadaye alikuta viatu vyake vizuri vimekwaruzika kwa juu, kwenye ncha. Kiatu cha mtu anayetembea huisha soli. Kikikwaruzika kwa juu, maana yake mguu ulikuwa unaburutwa.

Hapo ndipo nilipopata filamu yangu. Sinema za anga zimezoea kumpa mwanamume mwili wa kupigana: kifua, bunduki, taya. Kisa cha kuchukuliwa kinaupindua mwili huo. Aliyezoea kubeba anabebwa, aliyezoea kutazama analazwa chali na kutazamwa. Kwa hiyo sikutafuta mtu wa jimu. Nilichukua mtu ambaye kweli hubeba mikungu, na sharti nililompa ni moja: asivute tumbo ndani kamera ikiwaka. Mtu akijua anapigwa picha bila shati hulivuta tumbo bila kujijua, na papo hapo shingo na mabega vinakaza. Mwili uliokaza hauonekani umebebwa, unaonekana umeruka.

Kuna mtego mwingine, huu wa kwetu. Mtazamaji wa hapa hana haja ya kufundishwa habari za watu kuchukuliwa usiku. Ana msukule, ana mumiani, na wa umri fulani anakumbuka Popobawa wa Zanzibar na Pemba mwaka 1995, ambaye wanaume wazima walikimbia vitanda vyao kwa kumhofia. Ukimrudisha mtu wako akiwa bubu, uso una vumbi jeupe, watu watasema kimoja: msukule. Filamu imekufa. Nikaondoa kila cheupe usoni na nguoni, nikamwacha aongee kawaida anaporudi, ila saa yake ya mkononi iko nyuma. Vilevile kwenye bango niliepuka neno "kutekwa". Hapa nchini neno hilo lina uzito wake na si wa sayari nyingine. Niliandika "kuchukuliwa".

Kwa upande wa ruhusa, chukua kibali cha Bodi ya Filamu mapema, halafu nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na balozi wewe mwenyewe, ukiwa na mwenye kihamba. Mwanga mkali usiku kwenye migomba unaita watu wenye mapanga. Mzee wa kihamba aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, hao wageni wako watakanyaga kahawa?" Nikamwambia, "Hapana mzee, tutakaa kwenye njia." Tukafunga kamba ya katani pande zote mbili za njia, na hakuna mche uliovunjika.

Sasa mwale. Mwale wa mwanga hauonekani hewani bila moshi au ukungu (mji wetu una jina la kufaa, lakini moshi wenyewe ilibidi tuukodi). Mashine tuliyopata ni ile ya maharusi, wati 1500, na hapo ndipo usiku wa kwanza ulipoharibika. Jenereta yetu ya kVA 2 hutoa kama wati 1600 za kweli. Taa ya LED ya wati 300 ikiwaka pamoja na mashine, jumla inafika 1800. Kwa dakika kadhaa mambo yanaonekana sawa kwa sababu mashine ikishapata moto hita yake hujizima. Ikijiwasha tena kupasha, jenereta inakohoa, taa inapepesa, kila kitu kinazima. Usiku wa pili niliiacha mashine peke yake kwenye jenereta, taa nikaiweka kwenye betri. Jenereta ikae mbali, sisi tuliiweka mita 60 nyuma ya nyumba, la sivyo sauti yote utaitupa.

Upepo nao una ratiba. Mchana hewa hupanda mlima, usiku hushuka. Kwa hiyo usiku mashine huwekwa upande wa mlimani, sisi mita nane juu ya mwigizaji, moshi uteremke wenyewe. Nilianza kwa kuiweka bondeni, ukatukimbia wote kwenda kwa jirani. Mpulizo wa sekunde kumi, halafu subiri nusu dakika utandazike. Ukipiga mara moja baada ya mpulizo utaona mawingu yenye mabonge, na mabonge yanamwambia mtazamaji kuna mashine pembeni.

Taa niliifunga juu ya mgrevilea, kama mita sita, kwa kamba mbili na mnyororo wa akiba, kwa sababu fundo la kamba huteleza likilowa umande. Mbele yake nikaweka bomba la karatasi nzito nyeusi lenye urefu wa sentimita 50 ili mwanga ubaki mwembamba. Kamera lazima iwe upande wa pili, taa ikielekea kwako kidogo. Chembe za moshi hurusha mwanga zaidi kwenda mbele kuliko kurudi ulikotoka. Ukisimama na taa mgongoni kwako, mwale unakufa hata moshi uwe wa kukohoza.

Mipangilio ya kamera: fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50 kwa sababu umeme wetu ni hezi 50 na kuna taa ya nyumba nyuma, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600, na joto la rangi nililiweka kelvini 4000 wakati taa ni ya 5600, mwanga ukatoka na ubuluu wa baridi bila chujio lolote. Usiache kamera ijipimie mwanga. Ikiona usiku na ngozi nyeusi hudhani picha ni hafifu, inapandisha. Ngozi inageuka kijivu na mwale unaungua. Nilipima kwa mng'ao wa bega peke yake, nikahakikisha hauungui, vingine vyote vikaingia gizani. Ngozi nyeusi usiku haihitaji mwanga mwingi, inahitaji kitu kikubwa cha kuakisi. Shuka jeupe la sita kwa sita, limetandazwa nyuma na ubavuni mwa mwigizaji na kupigwa taa ndogo, lilichora mgongo, bega na shavu kwa mstari mmoja. Taa ya mbele kwa mbele ingefuta yote hayo.

Jasho ni glisirini na maji, nusu kwa nusu, kwenye chupa ya kupulizia. Mafuta ya nazi niliyajaribu, nikajuta. Mafuta hung'arisha mwili mzima sawasawa na mbebaji wangu akageuka bango la shindano la misuli. Glisirini hukaa kwa matone, na tone ndilo linalosema mtu huyu ana hofu. Uru usiku wa Julai ni baridi kweli, kwa hiyo blanketi na chai ya tangawizi vilikaa hatua tatu kutoka kamera. Hata hivyo kuna picha moja ya karibu ya mkono, kutoka kiwiko hadi kwenye kifundo: vinyweleo vimesimama, vipele vya baridi vimeota, na kila kipele kina kivuli chake kidogo upande mmoja kwa sababu mwanga unatoka ubavuni. Hilo halikuwa kwenye mswada. Nililiacha sekunde nne nzima.

Kuelea hewani ndiko kulikokula muda. Njia ni ya zamani: traipodi haiguswi, unapiga sehemu tupu, kisha unapiga mtu amelala juu ya benchi, baadaye unalifuta benchi kwenye kompyuta kwa kutumia ile picha tupu. Makosa yako kwenye mambo madogo. Benchi la kawaida hubonyeza mgongo ukawa bapa kama chapati, na jicho linagundua. Nilitumia ubao wa upana wa sentimita 18, unaoanzia mabegani hadi kiunoni, ili kichwa, mikono na miguu vining'inie huru. Shingo ikiachiwa hivyo inauma, kwa hiyo kila mkupuo ni sekunde 15, mtu mmoja amepiga magoti tayari kumpokea kichwa. Shati nalo hulala juu ya ubao badala ya kuning'inia. Tulishona nati nne za chuma kwenye pindo, likashuka kwa uzito. Miguu ya benchi isitanuke kupita kivuli cha mtu, la sivyo utakuwa na kivuli chenye miguu minne chini ya mtu anayeelea.

Halafu migomba. Jani la mgomba halitulii hata usiku usio na upepo, na mpaka wa kufutia ukipita juu yake, jani linakatika katikati na kutetema. Nililaza benchi mahali ambapo chini na nyuma yake ni udongo uliofagiliwa tu, mpaka wote ukaishia kwenye udongo. Moshi pia hauwi sawa mara mbili, kwa hiyo kuelea tulikupiga bila moshi. Moshi niliupiga peke yake mbele ya kitambaa cheusi, nikauweka juu kwa mtindo wa skrini katika programu ya kuhariri; cheusi kinapotea, moshi unabaki.

Buti la mpira ndilo lililobeba picha ya kuondoka. Kamera iko chini kabisa, sentimita kumi kutoka ardhini. Mkungu unaanguka kwanza, kishindo, ndizi mbili zinakatika. Kisha ncha za mabuti zinachora mistari miwili kwenye vumbi kama sentimita 80, zinanyanyuka, mistari inaishia hapo. Watu wawili walikuwa wamemshika kwapani nje ya fremu. Tulirudia mara sita kwa sababu alikuwa akijisaidia kwa vidole vya miguu; mbebaji mzoefu hapendi kuwa mzigo. Mara ya saba nilimwambia alegeze taya kwanza. Taya likilegea, magoti hufuata.

Ndani ya chombo sikujenga chombo. Karatasi za fedha ukutani huonekana karatasi za fedha za jikoni. Kuna filamu ya mwaka 2013, Under the Skin, ambamo wanaume wanamfuata mwanamke ndani ya weusi mtupu na kuzama polepole kwenye kitu kama maji meusi; weusi ule unatisha kuliko mitambo yoyote. Gerejini tulining'iniza vitambaa vyeusi, tukatandika nailoni nyeusi sakafuni, tukaijaza maji sentimita moja ili iakisi. Meza ni mlango wa mbao juu ya mapipa mawili. Juu yake mtu chali, na taa moja. Waya zote zipite juu, hakuna waya sakafuni penye maji.

Kwa ajili ya ute juu ya ngozi, wanga wa muhogo uliopikwa, vijiko vitatu kwa lita, ulionekana mzuri kwa dakika kumi. Ukianza kukauka unaacha magamba meupe na mtu anaonekana amepauka. Kilichofaa ni bamia: nusu kilo imekatwakatwa, imechemshwa kwenye lita mbili hadi maji yavutike kama mlenda, ikachujwa kwa kitambaa, ikaongezwa vijiko viwili vya glisirini. Ina ukijani kidogo, ambao chini ya taa ya buluu hauonekani. Itumie siku hiyohiyo, kesho yake inanuka. Usifunike uso wa mtu kwa nailoni hata kwa sekunde moja. Utando niliotaka juu ya kifua ulikuwa kitambaa cha laikra kilicholoweshwa, kikaishia kwenye mitulinga.

Kamera juu ya meza ilipita polepole kutoka vidole vya miguu hadi kidevuni bila kusimama popote. Kasi hiyohiyo kwenye kovu la goti, kwenye tumbo, kwenye chuchu, kwenye kucha iliyopasuka. Kusimama ni kuchagua, na anayechagua ni mtu. Kinachomkagua huyu bwana hakijui kipi ni muhimu kwake.

Sauti niliipanga mwisho. Nilirekodi nyenje, vyura na maji ya mfereji kila kimoja peke yake, dakika tano tano. Mwanga unapowaka nyenje wanakatika kwa mpigo mmoja, sekunde mbili baadaye vyura, mfereji unabaki peke yake, kisha nao unanyamaza. Mngurumo wa chini ni friji ya nyumbani, imerekodiwa kwa simu na kushushwa oktavu mbili. Anaporudishwa njiani niliurudisha mfereji kwanza. Anaukuta mkungu wake pale ulipoanguka, anainama kuutwika, na bega linakataa. Inambidi ajaribu la pili. Chura mmoja analia.