Shomoro wa Tano

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la wiki hii ni Luka 12:6: "Je! Shomoro watano hawauzwi kwa senti mbili? Wala hasahauliwi hata mmoja wao mbele za Mungu." Katika Mathayo 10:29 wanauzwa wawili kwa senti moja. Kwa hesabu hiyo senti mbili zinanunua wanne, na wa tano ametiwa kama nyanya ya nyongeza juu ya fungu. Hata huyo Mungu hamsahau.

Wiki hii tumtafakari shomoro huyo kwa penseli. Anayeanza kuchora huwa anachora ndege yeyote tu, yule aliye kichwani mwake tangu shule ya msingi. Akiona amepooza, humwongezea nyusi, tabasamu na macho makubwa ya mtoto. Huo ni uso wa mtu uliobandikwa kwenye manyoya. Tabia ya shomoro Muumba alishaiweka mwilini mwake: anavyosimama, anavyoinamisha kichwa, anavyobana manyoya au kuyatimua. Yetu ni kuiona.

Chukua karatasi ya A4, penseli ya HB (ile ya kawaida) na ya 2B (laini na nyeusi zaidi), na kifutio laini. Chagua shomoro mmoja anayezoea ukuta wenu au paa la kanisa, umtazame dakika tano kabla ya kugusa karatasi. Dume ana utosi wa kijivu na doa jeusi kooni, na doa hilo halilingani kati ya dume na dume. Jike ni wa kahawia iliyofifia, mwenye mstari mweupe-mweupe nyuma ya jicho. Ukishaona hayo, humchanganyi tena na mwenzake.

Anza na mstari mmoja kutoka utosini hadi ncha ya mkia. Akidonoa chini, mstari unakaribia kulala, akiwa ametulia ukutani, unainama nusu, akishtuka, unasimama. Mstari huu ukikosewa, manyoya mazuri hayataokoa mchoro. Juu yake weka yai la sentimita 7, ndilo kiwiliwili, duara la kichwa la sentimita 3 na nusu lililoingia kidogo ndani ya yai, na mkia wa sentimita 5. Hapo umekaribia ukubwa wake halisi.

Miguu ndiyo inayoangusha wengi, kwa kuwa huichomeka karibu na mkia na ndege akaonekana anaanguka kifudifudi. Shusha mstari wima kutoka penye uzito wa mwili, vidole vikae juu ya mstari huo: vitatu mbele, kimoja nyuma. Kile kiungo kinachoonekana kama goti lililopinda kinyume ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limefichwa na manyoya ya tumbo.

Kwenye jicho usiharakishe. Fuata mstari unaotenganisha mdomo wa juu na wa chini, uuendeleze kuelekea kisogoni: jicho linakaa juu kidogo tu ya mstari huo, nyuma ya pembe ya mdomo. Wengi hulipandisha karibu na utosi, wakapata kifaranga cha plastiki. Lifanye la milimita 4 au 5, jeusi, na uache nukta moja ya karatasi nyeupe upande mwanga unakotoka. Nukta ikikaa katikati, ndege anaduwaa. Zungushia uzi mwembamba wa weupe, maana bila huo jicho huwa tundu. Sasa bonyeza ukingo wa juu uwe bapa kidogo: amekuwa mkali. Urudishe duara kamili: ameshtuka. Tofauti hiyo yote haifiki nusu milimita.

Macho ya shomoro yako pembeni, ndiyo maana huinamisha kichwa alenge kitu kwa jicho moja. Ukichora mwinamo huo, mdomo na jicho vigeuke pamoja na kichwa. Mdomo ukibaki ulivyokuwa, shingo inaonekana imevunjika.

Manyoya usiyahesabu. Kwenye bawa lililokunjwa kaza giza palipo na mikunjo, na kifua ukiache karibu kitupu. Akisikia baridi, yai linakuwa mviringo na shingo inapotea. Akiogopa, yai linabanwa na shingo inachomoza.

Mwandishi wa Zaburi 102, aya ya 7, anajiona kama shomoro aliye peke yake juu ya nyumba. Shomoro ni ndege wa kundi, anakula na kulala pamoja na wenzake. Aliyebaki peke yake pana jambo limempata, na aliyeandika zaburi ile alikuwa ameangalia vizuri. Ukimchora huyo, timua manyoya, zamisha kichwa mabegani, mweke pembeni mwa karatasi, na paa lililobaki usilijaze kitu.

Maombi yetu nayo huwa na ndege wa jumla: "Ee Bwana, wakumbuke wagonjwa wote, wajane na yatima." Tunasema amina bila kumtaja hata mtu mmoja. Kwa Mungu hakuna shomoro wa jumla. Basi wiki hii mchague mmoja katika hao, mtembelee, ukae naye muda wa kutosha kujua anachoogopa na kinachomfurahisha, ndipo umwombee kwa jina.

Ndege wako mchore mara tatu: akila, akishtuka, na akiwa amejikunyata asubuhi na mapema. Mistari uliyokosea usiifute, chora mpya juu yake kwa 2B. Jumapili tuje na karatasi zote tatu, tusome Luka 12:4–7 pamoja, kisha kila mmoja aombe kwa ajili ya yule aliyemtembelea.

Mbarikiwe.