Nabothi alikataa kuuza

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Somo letu wiki hii ni 1 Wafalme 21. Tumezoea kukimbilia ubaya wa Yezebeli, mke wa mfalme Ahabu aliyeagiza Nabothi auawe, tukaruka aya ya pili. Isomeni polepole. Ahabu hakuanza kwa kunyang'anya. Alikuja kistaarabu kabisa: nipe shamba lako la mizabibu, maana liko jirani na nyumba yangu, nilifanye bustani ya mboga, nitakupa lingine zuri kuliko hilo, au ukipenda nitakulipa fedha. Kibiashara, Nabothi hakupunjwa. Akakataa. Ni urithi wa baba zake, basi. Mfalme mzima akarudi nyumbani, akajilaza kitandani, akageuza uso, akagoma kula. Kwa ajili ya mboga!

Nabothi aliweza kumkatalia mfalme kwa sababu alikuwa na pake pa kusimama. Kibarua anayekula kwa Ahabu asingethubutu. Uhuru wa kiuchumi tunaouhubiri huanzia hapo, mtu mdogo kuweza kusema "siuzi" na bado kesho akala.

Papa Leo XIII aliliona hilo mwaka 1891 alipoandika Rerum Novarum, waraka wake juu ya wafanyakazi, wakati viwanda vya Ulaya vimejaa watu wasio na mali yoyote ila mikono yao. Aliwapinga wasoshalisti waliotaka kufuta mali binafsi, na hilo tunalisikia mara nyingi, hasa kutoka kwa wenye mali. Yaliyobaki hayasemwi sana: mshahara umtoshe mfanyakazi na familia yake, abakize akiba, na akiba imfikishe kwenye kipande chake mwenyewe; tena sheria ziwasaidie watu wengi kadiri inavyowezekana kuwa wamiliki. Akaongeza kwamba hakuna ambaye angeiacha nchi yake kwenda ugenini kama kwao angepata maisha ya heshima. Wazazi wenye mabinti wanaofanya kazi za ndani Uarabuni, sentensi hiyo ni yenu.

Mtakatifu Ambrosi wa Milano, karne ya 4, aliandika kitabu kizima juu ya Nabothi, na alianza kwa kusema kuwa habari hii ni ya zamani, lakini hutendeka kila siku. Humo ndimo Papa Paulo VI alimochota maneno aliyoyaweka katika waraka wake Populorum Progressio, Machi 1967: unapompa maskini, humgawii kilicho chako, unamrudishia kilicho chake. Waraka huo ulitoka wiki chache tu baada ya Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa Tanzania. Nia ya Mwalimu Nyerere siitilii shaka. Lakini waliopakiwa kwenye malori wakati wa Operesheni Vijiji, wakahamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa, hawakuachiwa nafasi ya Nabothi ya kukataa, na hapo nasimama na Papa Leo.

Hata hivyo tusimtafute Ahabu Ikulu. Mara nyingi ni shemeji. Arobaini haijaisha, kikao cha ukoo kimekaa, mjane anaulizwa atarudi lini kwao. Wazee wanatia saini, kama wale wazee wa mji wa Nabothi waliopokea barua za Yezebeli wakatekeleza bila kuuliza. Na msishangae kumwona mwenyekiti wa jumuiya kati yao, rozari shingoni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume, lakini hati ikiwa na jina la marehemu peke yake, au isipokuwepo kabisa, mama wa watu ataonyesha nini mbele ya baraza?

Kwa hiyo wiki hii, pamoja na mchango wa unga na sabuni, kila jumuiya iwaulize wajane wake mashamba wanayolima yameandikwa kwa jina la nani. Wanandoa waende ofisi ya kijiji kuulizia hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina yote mawili. Anayejua kusoma na kuandika vizuri awasindikize wasiojua. Majibu tuyalete kwenye kikao cha jumuiya kijacho, hata kama yatawaudhi baadhi ya wajumbe.