Kokoto Kumi

Matatu ziligoma siku ambayo mimi na Babu tulikuwa tumeshuka Nakuru kununua dawa ya kupe. Asubuhi tulibebwa na gari la maziwa, lakini kurudi ikawa taabu. Steji ilikuwa tupu, makanga wamekaa kwenye ukuta wakicheza drafti. Babu aliizungushia chupa ya dawa gazeti, akaitia ndani ya koti, akasema, "Twende kwa miguu." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, niko darasa la sita, na kwetu ni Maili Sita, barabara ya kwenda Nyahururu.

"Ni kilomita ngapi, Babu?"

"Kilomita sijui. Ni maili sita. Kwani jina la kwenu hulijui?"

Nikamwambia mwalimu wetu alitufundisha kwamba maili ziliondoka na Wazungu, kwamba siku hizi tunapima kwa kilomita, na kwamba maili moja ni kilomita moja nukta sita. Nilisema kwa sauti ya mtoto aliyetoka kuwekewa alama ya vema kwenye daftari. Babu hakunijibu. Aliinama ukingoni mwa barabara akaokota kokoto kumi, akazipuliza vumbi, akazitia mfuko wa kulia wa koti. Kisha akanirudisha nyuma hadi mbele ya posta, maana hapo ndipo nyapara wao alipokuwa akianzia.

Ujanani Babu alikuwa kibarua wa barabara, PWD, idara ya ujenzi ya serikali, enzi za ukoloni. Hadithi za sururu na beleshi nilikuwa nimezisikia mara nyingi. Lakini kwamba walifundishwa pia kupima njia kwa miguu, ili wajue marundo ya kokoto yamwagwe wapi kabla mpimaji hajafika na mnyororo wake, hilo nililijua siku ile.

"Hesabu mguu wa kulia peke yake," akaniambia. "Wa kushoto uache upite."

Kila mguu wa kulia ulipofika mia, kokoto moja ilitoka mfuko wa kulia ikaingia wa kushoto. Nilikuwa nikisikia inavyogonga chupa ya dawa ndani ya koti. Hakutazama chini hata mara moja. Akala zake zilikanyaga kwa mpigo mmoja, na mtu akimsalimu njiani aliinua mkono tu, midomo ikiendelea na hesabu. Barabara ilipoanza kupanda kuelekea Bahati, alianza kuhamisha kokoto kwenye mia na tano badala ya mia. "Mlimani hatua hufupika hata kama mwenyewe huoni," alisema. Mimi nilikuwa nimekwisha potea. Alipofika elfu, hesabu yangu ilikuwa imepita elfu moja na mia nne.

Sasa hapa ndipo pana jambo lililokaa nami miaka. Kokoto ya kumi ilipohama, Babu hakusimama. Alianza upya, moja, mbili, tatu, akaenda hadi hamsini na sita, ndipo akakita kisigino.

"Maili moja."

"Na hizo hamsini na sita ni za nini?"

"Nyapara alisema tuongeze. Hakusema kwa nini, nami sikumuuliza. Ukiziacha, maili inapungua, na wewe unakatwa mshahara."

Alifanya hivyo katika kila maili, mara sita, bila kuruka hata moja.

Jibu nililipata nikiwa chuo kikuu Nairobi, Babu ameshafariki. Nilikuwa maktabani nikitafuta jambo jingine kabisa, nikakutana na neno letu. Maili tuliichukua kwa Waingereza, na kwao neno hilo asili yake ni Kilatini. Mille ni elfu, na Warumi walipima njia zao kwa mille passus, hatua elfu. Lakini passus si hatua kama tunavyoihesabu sisi. Huanza mguu unapoinuka, huisha mguu ule ule unapokanyaga tena. Yaani mguu wa kulia peke yake. Niliposoma hapo nilikifunga kitabu kwanza, nikakaa.

Passus moja ilikuwa futi tano, kwa hiyo maili ya Kirumi ilikuwa futi 5,000 za kwao, kama mita 1,480. Waingereza nao walikuwa na kipimo chao cha shambani, furlong, neno lenye maana ya mfuo mrefu, ule mstari ambao maksai waliuvuta kwa plau. Ni futi 660. Mashamba yalikuwa yamekwisha pimwa kwa mfuo huo, na nani angekubali mipaka yake iguswe? Kwa hiyo mwaka 1593, zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, sheria iliifanya maili kuwa mifuo minane, futi 5,280. Mfuo ukabaki vilevile, maili ikarefuka kwa futi 280.

Nikagawanya kwa tano. Hamsini na sita.

Nilitamani sana kumwambia. Mkulima yule aliyewajua maksai kwa majina angefurahi kusikia kwamba hatua zake za nyongeza zilikuwa za plau.

Nikisikia mtu anasema majina kama haya ni mabaki tu, huwa sikubali. Eldoret wana Maili Nne, Kibaha kule Tanzania wana Maili Moja, na Waganda wamelifanya neno hilo aina ya umiliki wa ardhi, mailo, tangu mkataba wa 1900 ulipogawa ardhi ya Buganda kwa maili za mraba. Kuna watu waliotembea ili majina hayo yapatikane.

Siku ile, maili ya sita iliishia penye mkaratusi, mbali kidogo na maduka. Nikamwonyesha kwamba amekosea, maduka yako kule. "Maduka yalikuja nyuma," akasema, akazimwaga kokoto chini ya mti.

Nyumbani Nyanya alikuwa mlangoni, jua limeshapita utosini, anauliza tulikuwa wapi muda wote huo. Babu akamkabidhi chupa.

"Tulikuwa kazini," akasema, akaketi kuvua akala.