Tangi la maji matupu

Sebuleni kwangu Upanga kuna tangi la lita 200 ambalo kwa karibu mwezi mzima halikuwa na samaki. Maji, mchanga, mawe na pampu inayovuma, basi. Wageni walichungulia mbele, wakazunguka ubavuni, kisha wakauliza kwa adabu samaki wamejificha wapi. Mke wangu alichoka kunitetea: "Baba Salma, si uweke hata kibua mmoja watu wanyamaze?"

Sisi wa Dar tunadanganywa na ukaribu wa bahari. Tunadhani ukishachota maji yake umemaliza kazi. Kumbe bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki wengi wao hushikamana na mawe na mchanga; dumu la maji huja na wachache mno. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na isipokuwa na wa kuila, hiyohiyo inamuua.

Maji nilichota wakati wa bamvua, siku bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto, na masika yalikuwa bado. Mvua kubwa huyapunguza chumvi maji ya ufukweni. Mimi nataka kipimo cha chumvi kisome 1.025. Mawe ni ya machimbo ya Kunduchi, matumbawe yaliyokufa zamani sana, nikayasugua na kuyaloweka mpaka vumbi likaisha. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi tangu 1975, na hata nje ya hifadhi mimi sing'oi tumbawe lililo hai.

Kisha nikanunua kamba mmoja Feri, nikamfunga kwenye soksi ya nailoni, nikamtumbukiza aoze. Harufu ilikuwepo, siwezi kukataa. Nia ni hiyo: akioza anatoa amonia, bakteria wapate chakula wazaliane. Na hao hawana haraka. Wengine huchukua nusu siku au zaidi kujigawa mara moja. Kipande cha jiwe kutoka tangi la rafiki yangu wa Mbezi kiliongeza mbegu.

Jioni napima. Matone kwenye kichupa, natikisa, nasubiri, nalinganisha na kadi ya rangi. Kwanza njano iligeuka kijani: amonia ipo. Baadaye ikaanza kushuka na nitraiti ikapanda, maana kundi moja la bakteria linageuza amonia kuwa nitraiti, na kundi jingine linageuza nitraiti kuwa nitreti. Hili la pili ndilo lililonichosha. Amonia ilisharudi njano, nitraiti bado zambarau iliyokolea, siku zinapita tu. Taa niliizima muda wote huo, mwani usipate sababu.

Vitabu vya watu wa baridi vinasisitiza hita. Dar tatizo ni kupoza. Feni inayopuliza juu ya maji inashusha nyuzi kadhaa, ila maji yanakauka na chumvi inabaki, kwa hiyo kinachopungua nafidia kwa maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa, kamwe si ya bahari. Umeme ukikatika, kipampu cha betri kinapuliza hewa.

Sasa amonia sifuri, nitraiti sifuri, nitreti ipo, na utando wa kahawia umefunika mchanga. Konokono wameshaanza kuula. Kabla ya samaki nataka kubadilisha robo ya maji ili nitreti ishuke, na bamvua linaanza Jumamosi. Mwenye pikapu anitafute. Madumu ninayo, mafuta nitaweka mimi.